Mkuu wa Kaya Yuko Ziwani

Hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ukimwambia mtu unasomea uuguzi, anakuonyesha goti linalomsumbua. Ukimwambia uhasibu, anakupa hongera na kukuuliza utaajiriwa lini. Mimi nilikuwa nikijibu kwamba nasomea makuzi ya binadamu na masuala ya familia, na kila mara kilifuata kimya kifupi, halafu kicheko. Baba yangu mdogo ndiye aliyelisema wazi, tena mbele ya wageni: "Yaani mwanaume mzima unalipa ada ukafundishwe kubembeleza watoto?"

Nikacheka pamoja na wageni. Darasani kwetu wanaume tulikuwa wa kuhesabu, na hata dada wa steshenari tuliyekuwa tukitoa kopi za madesa kwake alituita "kina mama" bila kujali nani ana ndevu. Sasa nimemaliza, stashahada ninayo, na vijana bado wananisimamisha sokoni Mwanga kuniuliza kama kozi ile ina maana yoyote au ni kupoteza hela ya mzee. Jibu langu haliwezi kusemwa nimesimama na kilo ya nyanya mkononi.

Chuo chenyewe ni kidogo na jina lake nitaliacha. Jengo lilikuwa nyumba ya kulala wageni kabla chuo hakijalipanga. Namba za vyumba zilibaki milangoni, kwa hiyo saikolojia tulisomea chumba namba 7 na 8, vilivyobomolewa ukuta wa kati. Mwalimu wa lishe ndiye huyohuyo wa takwimu. Umeme ukikatika projekta inafunikwa, madam anachukua chaki, na kwa maoni yangu vipindi vya chaki ndivyo vilivyokuwa bora. Uzuri wa chuo kidogo ni kwamba hakuna pa kujificha. Mwalimu anajua umetoka mtaa gani, mama yako anauza nini, na kwa nini Jumatatu umechelewa. Ubaya wake ni huohuo. Madam akitoa mfano wa ndoa iliyovunjika, hata akificha majina, nusu ya darasa inaangalia chini kwa sababu inamfahamu mwenye ndoa.

Fani hii ilikulia Marekani. Ilianza kama sayansi kimu, yale masomo ya upishi, ushonaji na usafi wa nyumba ambayo bibi zetu walikutana nayo shule za misheni. Ellen Swallow Richards, mkemia na mwanamke wa kwanza kupokelewa kusoma MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha huko, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha sayansi kimu kilichoundwa huko mwaka 1909. Kadiri miaka ilivyokwenda jiko likapungua kwenye mitaala, yakaongezeka makuzi ya mtoto, ndoa, uzee, na uhusiano wa nyumba na kazi. Kwetu mambo hayo yamegawanywa: kuna ustawi wa jamii, kuna maendeleo ya jamii, kuna lishe, kila kimoja na ofisi yake na mhuri wake. Kozi kama yetu inajaribu kuyakusanya tena kwenye meza moja. Wakati mwingine inafanikiwa.

Shida inaanzia kwenye vitabu. Familia iliyomo humo ni ya watu wanne au watano, ina mlango wake, na baba anatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Hakuna shangazi anayepita uani akiuliza mmepika nini.

Mfano ni Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye jina lake kila mwanafunzi wa fani hii analijua. Ndiye mwenye jaribio maarufu la chumba kigeni: mama na mtoto mdogo wanaingizwa kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, anaingia mtu asiyefahamika, mama anatoka kwa dakika chache, anarudi, na watafiti wanatazama mtoto anampokeaje. Kwa namna anavyompokea, wanasema kama ana uhusiano salama na mama yake au hana. Jaribio hilo lilifanyika Baltimore, Marekani. Tulilisoma, tukalikariri, tukafanyia mtihani.

Kilichokuwa kwenye aya moja tu ya desa ni kwamba huyu mama hakuanzia Baltimore. Mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, na badala ya kukaa bure akaanza kuzunguka vijiji vya jirani, akitembelea familia 26 za Waganda na kukaa nao sebuleni akiangalia akina mama wanavyonyonyesha, wanavyobeba, wanavyoitikia mtoto akilia. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka 1967. Wazo lililokuja kuitwa la Kimarekani lilichipua kwenye mikeka ya Uganda, mbali kidogo na hapa. Madam alipotueleza hivyo darasa lilichangamka kama timu ya nyumbani imefunga. Halafu akatuuliza: kwa nini alipofika kwao akahitaji chumba? Kwa nini Uganda alikwenda nyumbani kwa watu na Baltimore akawatoa watu nyumbani?

Haki yake nimpe: hata Baltimore aliwatembelea wenye watoto majumbani kwa miezi mingi kabla ya jaribio. Lakini kilichosafiri dunia nzima ni chumba. Na mimi nikajaribu kufikiria chumba kile Ujiji. Utamfungia wapi mtoto wa Ujiji peke yake na mgeni kwa dakika tatu? Kabla ya dakika ya kwanza haijaisha, bibi wa nyumba ya pili ameshaingia bila hodi, kambeba, na anakuuliza wewe ni nani na mama yake umempeleka wapi.

Jambo la pili lililonifurahisha ni la Kenya. Watafiti wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis, miaka ya sabini. Wakati huo wataalamu walikuwa wakisema watoto wa Kiafrika wanakaa na kutembea mapema kwa sababu ya maumbile yao. Super akaonyesha kwamba wanawahi yale wanayofundishwa: mama anamfanyia mtoto mazoezi ya kukaa, anamfanyia ya kutembea, na ndiyo hayo anayoyawahi. Kutambaa, ambako hakuna aliyemfundisha, hakuwahi. Darasani wasichana wawili wakaitikia kwa pamoja: "Kashimo!" Bibi zetu wanachimba kashimo kadogo kwenye mchanga, wanamkalisha mtoto humo, mchanga unamshika kiuno. Kumbe kale kashimo ni mtaala.

Aliyenisumbua kuliko wote, hata hivyo, ni Urie Bronfenbrenner, mwanasaikolojia mzaliwa wa Moscow aliyepelekwa Marekani akiwa mdogo na baadaye akafundisha chuo kikuu cha Cornell. Picha yake ni ya miduara. Mtoto yuko katikati. Linalomzunguka ni nyumba, shule, majirani. Linalofuata ni jinsi hayo yanavyoungana. Kisha mambo ambayo mtoto haingii lakini yanamfikia, kama kazi ya mzazi. Na nje kabisa sheria, mila na uchumi. Baadaye aliongeza na wakati, kwa maana ya vitu vinavyobadilika maishani na katika historia. Madam akachora yote ubaoni, na kwenye duara la kazi ya mzazi akaandika "ofisi, kiwanda". Mwenzetu mmoja wa Katonga akanyoosha mkono: "Madam, ziwa tunaliweka duara gani?"

Tukacheka. Madam hakucheka. Akasema swali hilo tukalijibie fildi, kwenye mafunzo ya vitendo.

Fildi yangu ilikuwa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kwenye mwalo, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga. Wenzangu wengine walipelekwa kituo cha afya, mmoja alikwenda Kasulu, na mwenzetu kutoka Urambo alirudi Tabora kwa treni kufanya utafiti kwao kwenye familia za wakulima wa tumbaku. Mimi nilizaliwa Kibirizi, nikadhani nimepewa kazi rahisi.

Tulipewa dodoso. Lilikuwa na maswali ya kawaida: mkuu wa kaya nani, idadi ya watoto, chanzo cha maji, kadi ya kliniki. Kisha maswali ya baba. Baba anaishi hapa, ndiyo au hapana. Mtoto hushinda na baba saa ngapi kwa siku. Nani alicheza na mtoto jana. Tukaanza nyumba kwa nyumba, na majibu yakawa yanafanana: baba hayupo. Alicheza na mtoto nani jana? Dada yake. Bibi. Hakuna. Mwenzangu wa kundi, msichana makini sana ambaye kwao ni Kibondo na ziwa alikuwa amelijua kwa kuliangalia tu, alikuwa ameshaandika kichwa cha habari kwenye daftari: malezi ya mzazi mmoja katika jamii ya wavuvi.

Nikamwambia asubiri mwezi utoke.

Kwa asiyejua, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu zinawazoa, na migebuka inayowafuata dagaa inaingia humohumo. Lakini taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa maji yote yanang'aa na dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa ya mtu. Kwa hiyo wavuvi wana majira mawili kila mwezi: giza, ambapo kila chombo kiko majini, na mbalamwezi, ambapo vyombo vinapumzika, nyavu zinashonwa, mgao unagawanywa, na wanaume wanaonekana mtaani.

Wakati wa giza kuna baba wa aina mbili. Wapo wanaovulia karibu: wanatoka jioni, wanarudi alfajiri na samaki, wanakula, wanalala mchana kutwa. Na wapo wanaohamia kambi za kusini, upande wa Uvinza, ambao hawaonekani mpaka mwezi ukue. Baba yangu mzazi alikuwa wa aina ya kwanza kwa miaka mingi, na ninachokikumbuka cha utoto wangu ni kukatazwa kelele saa nne asubuhi. Tulikuwa tunacheza kwa kunong'ona nje ya dirisha lake. Ukiniuliza wakati huo kama baba anaishi nyumbani ningekushangaa. Anaishi, amelala. Mbalamwezi ikifika alikuwa mtu mwingine. Anatupeleka kuogelea, anakagua madaftari, anatusuluhisha ugomvi wa wiki mbili zilizopita ambao sisi wenyewe tumeshausahau, na mama anapumua. Au anakasirika. Ilitegemea mgao.

Tulirudi kwenye nyumba zilezile mbalamwezi. Mama yuleyule, watoto walewale, dodoso lilelile. Baba anaishi hapa? Ndiyo, si huyo hapo anashona nyavu. Alicheza na mtoto nani jana? Baba yake, walikuwa wanakimbizana tangu asubuhi. Mwenzangu akafunga daftari, akaniangalia kwa hasira, kana kwamba mwezi nimeupanga mimi. Tulikuwa na majedwali mawili ya mtaa mmoja, na kila moja lilikuwa la kweli. Ukichukua la kwanza peke yake, Kibirizi ni mtaa wa watoto waliotelekezwa. Ukichukua la pili, ni mtaa wa akina baba wa mfano. Na mtafiti wa kutoka mbali anakuja mara moja, kwa tarehe aliyopangiwa na ratiba ya gari.

Nilipouwasilisha mchanganuo huo darasani, madam aliniuliza kama najua usiku wa sensa ya 2022 mwezi ulikuwaje. Mzee mmoja wa mwaloni alikuwa ameshanijibu swali hilo bila kuulizwa: usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti ulikuwa giza, mwezi mpya ulikuwa siku chache mbele. Siilaumu sensa. Makarani wana taratibu zao za watu wa kazi za usiku, na kuhesabu watu 61,741,120 si kazi ya mchezo. Nasema tu kwamba sisi wanafunzi na vidodoso vyetu hatukuwa na utaratibu wowote.

Mwenzetu wa Urambo alirudi na habari inayokaribiana na yangu, ila ya kwake ilifuata tumbaku. Familia zinahamia mashambani msimu ukianza, wakubwa wanashinda kwenye mabani wakikausha majani, wanaosoma wanaachwa mjini kwa bibi, wasiosoma wanakwenda. Ukiuliza kaya ina watu wangapi, inategemea umeuliza mwezi gani.

Hapo ndipo ningeweza kumalizia ripoti kwa kusifia mila zetu, na nusu ya darasa ndivyo ilivyofanya. Mtoto ni wa wote, kijiji kinalea, sisi si kama wao. Madam alizirudisha ripoti hizo zikiwa na mstari mwekundu mmoja tu: "Wote ni akina nani?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kozi. Kuna nyumba moja niliyoizoea sana fildi, nitaieleza bila alama za kuitambulisha. Baba yuko kambi, giza. Mama huchukua dagaa kwa mali kauli, anawaanika kwenye vichanja, wakikauka anapanda nao gari kwenda kuuza bara, analala huko, anarudi kulipa deni. Watoto wanabaki na bibi mzaa baba. Bibi huyu anafanya kila kitu. Anaogesha, anapika ugali wa muhogo, anachapa, anasimulia hadithi, anamjua kila mmoja anapenda kulalia ubavu gani. Ukimuuliza Bronfenbrenner, bibi ndiye duara la kwanza lote.

Usiku mmoja mdogo akapata homa kali. Bibi aliijua homa ile, hakuhitaji kuambiwa. Lakini hela ya bodaboda na ya dawa ilikuwa ya baba, na ya baba haiguswi bila baba. Akampigia, simu haipatikani. Ziwani mtandao unakuja na kuondoka. Akampigia mama, mama akasema mpigie baba yake kwanza, nisije nikaambiwa najiamulia. Akagonga kwa shemeji wa jirani, shemeji akasema kunakaribia kucha, tuvumilie. Walikwenda kituo cha afya jua limeshatoka, malaria, na mtoto akapona. Alipona, na kwa hiyo hakuna ofisi yoyote ambayo habari hii iliandikwa.

Watu wazima wanne walikuwa wanamlea mtoto yule. Wote wanampenda, hilo sina shaka nalo. Aliyekuwepo hakuwa na ruhusa ya kuamua, na mwenye ruhusa hakuwepo. Dodoso letu lilikuwa na kurasa za kutosha kuuliza nani anacheza naye, na halikuwa na mstari mmoja wa kuuliza nani anaamua akiumwa usiku. Kwenye ripoti yangu niliondoa lile swali la baba anaishi hapa, nikaweka mawili: nani alilala na mtoto jana, na nani anaweza kutoa hela leo usiku bila kumuuliza mtu. Jibu likiwa jina moja, napita. Yakiwa majina mawili, nakaa chini.

Kuna jambo la dada wakubwa pia. Msichana wa miaka tisa akiwa na mdogo wake mgongoni ni picha ambayo wageni wanaipiga na kuandika chini yake chochote wanachotaka: utumwa wa watoto, au uzuri wa Afrika. Bame Nsamenang wa Kameruni, mwanasaikolojia ambaye ningetamani tusomeshwe zaidi ya zile kurasa mbili, alitumia maisha yake kueleza kwamba huku kwetu kulea wadogo ni sehemu ya kukua, mtoto anapewa jukumu kadiri anavyoliweza, na humo anajifunza. Nakubaliana naye. Lakini Kibirizi siku ya kuanua dagaa kabla ya mvua, msichana huyo haendi shule, na kaka yake anakwenda. Sehemu hiyo ya kukua inamwangukia mmoja.

Somo la sheria lilifundishwa harakaharaka na mwanasheria aliyekuwa akija Ijumaa, nami nitalipita vilevile isipokuwa kesi moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano: kupika na kulea ni mchango, au ni wajibu tu wa mke? Wasichana wa darasani walitaka kuijua kesi hiyo mpaka kiasi alichopata Bi Hawa. Mwalimu akawaambia kilichowakata maini: alishinda kwenye hoja, kwenye mgao hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa ameshapewa na mumewe zinatosha. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga. Mimi nilikuwa namfikiria mwanamke wa mali kauli. Hela ya dagaa ni yake, deni ni lake, na bado hela ya homa anaisubiri ziwani.

Halafu ziwa likafungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kama samaki wanahitaji kupumzika, sina ubishi. Ila kwa mtu anayesomea familia ilikuwa kama mtu amekuja na kuongeza mbalamwezi ya miezi mitatu, isiyo na mgao.

Mwezi wa kwanza mtaa ulikuwa na furaha. Akina baba walipeleka watoto shule kwa miguu, wakarekebisha mapaa, wakatia nyavu viraka mpaka viraka vikaisha. Mwezi wa pili sauti zikaanza kupanda nyumba kwa nyumba. Mama mmoja aliniambia kwamba amekaa na mume wake miaka mingi na hakuwahi kujua kwamba anachukia mboga ya kisamvu. Walikuwa hawajawahi kula pamoja mfululizo kiasi hicho. Tulicheka. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa la kuchekesha: mume ameanza kumuuliza kila shilingi ya dagaa waliobaki inakwenda wapi, mambo ambayo alikuwa akiyaendesha mwenyewe tangu waoane. Madaraka aliyokuwa nayo giza yalimwondoka kwa sababu giza halikuja. Wapo waliokwenda kulima mashamba ya watu, wapo waliovuka kwenda kutafuta kazi mbali, na kuna watoto waliozoea baba kwa mara ya kwanza, wakalia chombo kilipotoka tena Agosti. Hayo yote yalikuwa mtaa mmoja. Anayetaka nimwambie kama kufungwa kwa ziwa kulikuwa kuzuri au kubaya kwa familia, simwambii, kwa sababu ilitegemea ndani ya nyumba nani alikuwa anaamua kabla.

Sasa kazi. Kwa vijana wanaoniuliza Mwanga: ajira za serikali zipo, zinatangazwa kwenye mfumo, zinaombwa na umati. Mashirika yanaajiri kwa mradi, mradi ukiisha nawe umekwisha. Serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwishoni mwa 2021, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, yenye mambo matano inayoyasisitiza: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni nzuri, na imefanya watu wa kozi yetu waanze kueleweka maofisini. Kueleweka na kulipwa ni mambo mawili. Mimi najitolea kwenye kata, napewa nauli, jioni nafundisha twisheni. Ukiwa na njia ya famasi na moyo wa famasi, nenda famasi. Ukiwa mtu unayeshindwa kupita nyumba yenye ugomvi bila kujiuliza umeanzaje, njoo huku, lakini njoo na shughuli nyingine ya kukulisha.

Huko kata nilikuta vikao vya malezi vinafanyika kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa nane mchana, na wanaohudhuria ni akina mama tu. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mwitikio wa akina baba ni mdogo. Nikaomba tujaribu kuvipanga kwa mwezi wa angani, mwaloni, pale wanaposhonea nyavu. Afisa aliniangalia kidogo. Mhuri wa ofisi unataka tarehe, siyo mbalamwezi, akasema. Tukakubaliana kwamba tarehe nitamletea mimi kila mara.

Wanakuja. Si wote, ila wanakuja wanaume wa kutosha kubishana, na ndicho nilichokitaka. Kikao kilichopita niliweka mezani swali langu la homa: ukiwa kambi na simu haipatikani, mama yako au mke wako aruhusiwe kutumia kiasi gani bila kukuuliza? Kijana mmoja akasema aachiwe hela ya dharura kwenye simu yake mwenyewe, akataja kiasi. Nahodha mmoja, mzee wa heshima, akakataa kabisa. Alisema ukimwachia mama, mke atanuna. Ukimwachia mke, mama atasema umerogwa. Na ukiwaachia wote wawili, mtoto ataumwa kila wiki. Wenzake wakacheka, lakini hawakumpinga. Kijana akamuuliza: kwa hiyo mjukuu wako afe wakisubiri mtandao? Nahodha akamwambia achunge ulimi wake. Mwenye chombo akaingilia kati, akapendekeza hela iwekwe kwake, kama mgao wa mtoto, na yeyote wa nyumbani aje achukue akiwa na kadi ya kliniki. Nahodha akauliza, na mwenye chombo naye akiwa safarini? Hapo wakaanza upya, na hawajaafikiana mpaka sasa.